Kiboko wa Sabaki, kobe wa Bamburi: jinsi shimo la simiti lilivyojulikana dunia nzima

Kama kuna picha iliyolibeba jina la Mombasa mbali kuliko tangazo lolote lililowahi kulipiwa, kwa maoni yangu ni ile ya mtoto wa kiboko aliyelaza kichwa chake juu ya gamba la kobe mkongwe. Ilitoka Bamburi, kaskazini mwa mji, mwanzoni mwa mwaka 2005. Nyuma yake hapakuwa na kampuni ya matangazo, wala kaulimbiu, wala bajeti ya kampeni. Palikuwa na machimbo ya zamani yaliyogeuzwa msitu, mtunza wanyama aliyeijua kazi yake, meneja aliyekuwa mwanasayansi, na kobe asiyependa kusumbuliwa.

Nakichambua kisa hiki kwa sababu kila mara mji wetu unapozungumzia kujitangaza, iwe ni kaunti, wenye hoteli au kikundi cha vijana cha mtaani, mazungumzo huanzia kwenye nembo, rangi na maneno ya kuandika kwenye bango. Kisa cha Owen, yule kiboko, na Mzee, yule kobe, kilianzia pengine kabisa. Na kwa kuwa miaka 20 na zaidi imeshapita, tunaweza kukitazama kwa utulivu: kipi kilikuwa bahati, kipi kilikuwa kazi ya watu, na kipi tulikiacha kikatuponyoka.

Shimo kwanza

Ukianzia kwa kiboko hutakielewa kisa hiki. Anza na mawe. Kiwanda cha simiti cha Bamburi kilianza uzalishaji mwaka 1954, na malighafi yake ni mawe ya chokaa yatokanayo na matumbawe, yale yale ambayo sehemu kubwa ya pwani yetu imekalia. Yalichimbwa mwaka baada ya mwaka, upande wa bara wa barabara iendayo Malindi, mpaka ukabaki uwanja mpana wa jiwe jeupe ulioshuka karibu na usawa wa maji ya chini, nayo yana chumvi. Udongo hakuna, kivuli hakuna, na jua la kaskazi likipiga jiwe linakurudia usoni.

Mwaka 1971 René Haller, Mswisi mtaalamu wa kilimo aliyekuwa akifanya kazi na kampuni hiyo, alianza kupanda miti mle shimoni. Alijaribu aina 26. Zilizoshika ni 3 tu, na uliofanya kazi kubwa ni mvinje, mti ambao mtu wa pwani anaujua kwa mlio wake upepo ukipita. Mvinje ulisimama, ukakua haraka, ukaanza kuangusha majani yake membamba. Hapo ndipo tatizo lilipojitokeza, kwani majani hayakuoza. Yalirundikana makavu juu ya jiwe, na pasipo kuoza hakuna udongo, na pasipo udongo mti wa pili hauji.

Dawa ilikuwa jongoo, yule mkubwa mweusi mwenye miguu myekundu, ambaye mvua ikinyesha unamkuta amepanda ukuta wa choo. Haller aliona kwamba jongoo huyu anayala majani ya mvinje, basi akakusanya majongoo kwa mamia akawaachia shimoni. Jongoo anatafuna, anatoa kinyesi, vijidudu visivyoonekana vinamalizia, na mbolea inapatikana. Kidogo kidogo tabaka la udongo likaanza kufunika jiwe. Baadaye ikaja miti mingine, wakaja nyuki, ndege, samaki wa mabwawani, swara na twiga. Wageni walianza kufunguliwa njia mwaka 1984. Mwaka 1987 Haller alipata tuzo ya Global 500 ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, na mwaka 1999 mahali pale pakapewa jina lake, Haller Park.

Nimekaa kwa jongoo makusudi. Kabla ya picha yoyote kusambaa palikuwa na miaka 33 ya kazi iliyofanywa wakati hakuna aliyekuwa akitazama. Wahenga wanasema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa Haller Park methali hiyo ilikuwa kweli nusu. Toka 1984 hadi 2004 mahali pale palikuwa pazuri, na waliopajua ni wanafunzi walioletwa na basi la shule, wageni wa hoteli za kaskazini walioletwa kulisha twiga kwa mkono, na wataalamu wa mazingira. Kizuri kilikuwapo miaka yote hiyo. Kilichokosekana ni kisa ambacho mtu wa mbali angeweza kumsimulia mwenziwe akaelewa papo hapo.

Desemba 2004

Kumbuka hali ya jina la pwani wakati ule. Tarehe 28 Novemba 2002 hoteli moja ya Kikambala ilishambuliwa kwa bomu. Mwezi wa Mei 2003 shirika la ndege la British Airways lilisitisha safari zake za Kenya kwa hofu ya ugaidi, na serikali za nje zikawaonya raia wao. Huko nje, ukilitaja jina la Mombasa, mtu alikuuliza habari za usalama kabla hajakuuliza habari za bahari. Hali kama hiyo haiondolewi kwa bango. Mtu aliyeogopa hawezi kuambiwa na muuzaji kwamba asiogope.

Mwezi wa Desemba 2004 mvua ziliujaza mto Sabaki, na kundi la viboko likasukumwa na maji hadi baharini, karibu na Malindi. Watu wa pale waliwaona wakizagaa ufuoni, wakajaribu kuwarudisha mtoni. Kisha ikafika tarehe 26. Tetemeko lilitokea mbali sana, kwenye pwani ya Sumatra, na baada ya saa kadhaa bahari ya kwetu nayo ikaanza kupwa na kujaa bila mpango. Kenya ilinusurika kwa kiasi kikubwa. Alikufa mtu mmoja, ilhali kwa jumla janga lile liliua watu zaidi ya 200,000 kando ya Bahari ya Hindi. Kulipopambazuka siku ya pili, katika viboko wote wale alionekana mmoja tu, mtoto, amekwama kwenye mwamba.

Kumtoa kiboko baharini si kazi ya kupitiwa kwa sentensi moja. Hata akiwa mtoto ana uzito wa karibu kilo 300, ngozi inateleza, ana hofu, na ana meno. Wavuvi na wakazi wa Malindi walihangaika naye kwa saa nyingi huku mamia ya watu wakitazama na kusaidia. Nyavu za kawaida hazikumweza, ikabidi yaletwe majarife, nyavu nene za papa. Mwisho mmoja wa waokoaji, Owen Saubion, alimrukia akambana hadi wavu ukamzunguka. Kiboko akapewa jina lake.

Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, likapiga simu Bamburi. Mtu anayetaka kujifunza kwenye kisa hiki asiipite simu hiyo haraka. Ilipigwa Bamburi kwa sababu Bamburi palikuwa na bwawa, ua, chakula, na watu waliozoea wanyama wakubwa. Paula Kahumbu, aliyekuwa meneja mkuu wa kampuni iliyosimamia hifadhi hiyo, na Stephen Tuei, mkuu wa watunza wanyama, walikwenda Malindi kumchukua. Kumrudisha porini haikuwezekana, kwani alikuwa mdogo mno kujitunza, na viboko wa kundi jingine wangemwona mvamizi.

Alipofunguliwa ndani ya ua wa Haller Park, alikimbilia nyuma ya kobe mkubwa wa Aldabra aliyekadiriwa kuwa na umri wa miaka 130 hivi. Kobe huyo aliitwa Mzee, na hakufurahi. Alijikokota akaenda zake; mtoto akamfuata. Akahama tena, akafuatwa tena. Kulipokucha walikutwa wamelala ubavu kwa ubavu. Owen alikuwa amekataa chakula, lakini siku zilizofuata akaanza kula majani akiwa kando ya Mzee. Wakaoga pamoja kwenye bwawa, wakalala pamoja. Owen akitaka waondoke, alimsukuma Mzee kwenye mguu wa nyuma.

Kipi bahati, kipi kazi

Bahati ilikuwapo na haifai kufichwa. Dunia ilikuwa imetoka kuzika watu wengi mno katika wiki moja, na watu walitamani habari ya uhai kutoka kwenye bahari ile ile. Picha ya wanyama wawili haihitaji mkalimani. Mjapani anaielewa, Mbrazili anaielewa, mtoto wa chekechea anaielewa. Hayo mawili hakuna mtu wa Bamburi aliyeyapanga.

Lakini wiki chache baada ya tsunami kulikuwa na picha nyingi za kugusa moyo kutoka kila upande wa bahari, na nyingi zimesahaulika. Hii haikusahaulika. Nikitafuta sababu, naona mambo ambayo yalikuwa mikononi mwa watu.

Kwanza waliendelea kusimulia. Gazeti likichapisha picha mara moja, kesho linafungia maandazi. Haller Park walikuwa na mtunza aliyekuwa na wanyama hao kila siku, na habari ziliendelea kutoka: Owen ameanza kula, Owen anaongezeka, Owen na Mzee wanatoa milio kama wanaoitana, Owen anamkaripia mtu akimkaribia Mzee. Kila habari ilikuwa ndogo, lakini ilikuwa mpya na ilikuwa ya kweli. Mpiga picha Peter Greste alipiga picha nyingi za wawili hao, zikawa na ubora wa kuchapishwa popote. Msomaji wa mbali akaanza kuwafuatilia kama anavyofuatilia habari za ndugu aliye ng'ambo.

Pili, na mimi nalithamini hili kuliko yote, hawakutia chumvi. Ilikuwa rahisi sana kusema kwamba kobe amemlea kiboko kama mamake. Vyombo vya habari vya nje vilisema hivyo. Wenyewe walieleza kwamba Mzee ni dume, kwamba huenda umbo lake la mviringo na rangi yake vilimfanya mtoto amwone kama kiboko mkubwa, na kwamba hata wanasayansi hawana maelezo kamili ya urafiki wa mnyama anayenyonyesha na reptilia. Ukweli huo haukuipunguza habari utamu. Uliiongezea, kwa sababu wataalamu nao wakaja kuuliza maswali yao.

Tatu, walijibu walipoitwa. Huko New York msichana wa miaka 6 aliiona picha gazetini, na yeye na babake wakataka kuandika kitabu cha watoto. Kitabu hicho kiliandikwa kwa ushirikiano na Paula Kahumbu, kikatoka kwanza kwa njia ya intaneti mwaka 2005 na kuchapishwa mwaka 2006, kikasomwa na watoto wengi mno. Tazama lilivyopangwa jambo hilo: mtu wa Bamburi hakuwa mtoa habari wa kushukuriwa kwenye ukurasa wa mwisho. Alikuwa mwandishi, jina lake liko kwenye jalada. Mara ngapi mgeni anakuja pwani, anasikiliza, anaandika, anaondoka, na aliyemsimulia hajulikani tena? Hapa haikuwa hivyo, na kitabu kilikuwa na maelezo ambayo mtu aliyekaa New York peke yake asingeweza kuyajua.

Halafu likaja jaribio lenyewe. Mwaka 2007 Owen alikuwa amekua. Kiboko mkubwa akicheza na kobe anaweza kumuumiza bila kukusudia. Hifadhi ikawatenganisha, Owen akawekwa na kiboko jike anayeitwa Cleo. Kibiashara, kuwaacha pamoja kungekuwa rahisi zaidi, maana mgeni aliyetoka Ujerumani au Marekani alikuja kuona wawili. Walichagua afya ya wanyama, wakaeleza wazi sababu. Ninaamini taasisi inayojitangaza kwa ukweli inajulikana siku kama hiyo, siku ambayo ukweli unaiharibia picha yake nzuri. Na jina halikuharibika. Watu walielewa, kwa sababu walikuwa wameshazoea kuambiwa mambo yalivyo.

Na mgeni akifika?

Kuna jambo ambalo wanaotangaza miji hulisahau kabisa: mtu akishawishika, anakuja. Akija anakuta nini?

Aliyekuja Bamburi kwa ajili ya Owen na Mzee aliwakuta nyuma ya ua wao. Lakini ili awafikie alipita chini ya mivinje, akakanyaga udongo uliotengenezwa na jongoo, akaonyeshwa jiwe tupu lilivyokuwa, akalisha twiga. Alikuja kwa kisa cha wiki kadhaa akaondoka na kisa cha miaka 33. Hapo ndipo kazi ya Haller ilipopata faida yake. Kama pale pangekuwa na kizimba cha seng'enge na bango kubwa, mgeni angepiga picha moja akaenda zake, na angewaambia wenziwe wasijisumbue.

Kwa hiyo mpangilio wake ni huu: mahali pazuri paliposubiri miaka mingi, tukio la kweli lililopaangukia, watu waliokuwa tayari kulisimulia kwa uaminifu, na mlango uliokuwa wazi kwa wageni. Ukiondoa lolote kati ya hayo, kisa kinakufa. Tukio bila mahali ni habari ya siku moja. Mahali bila msimulizi ni Haller Park ya kabla ya 2004.

Nalinganisha na jambo la mwaka 2018. Serikali ya Kaunti ya Mombasa iliagiza majengo ya katikati ya mji na Mji wa Kale yapakwe rangi nyeupe yenye urembo wa buluu, buluu ya Kimisri, ili mji uwe na sura moja ya kuvutia. Sidharau nia hiyo. Ipo miji iliyojulikana kwa rangi: Jaipur ya India ilipakwa waridi mwaka 1876 kumpokea mwana wa mfalme wa Uingereza, na Chefchaouen ya Moroko inatembelewa kwa sababu ya buluu yake. Na ukuta ulionawiri ni bora kuliko ukuta uliobambuka. Ila rangi ile haikuja na kisa. Mgeni akiuliza kwa nini nyeupe na buluu, mwenye duka wa Digo Road anamjibu nini? Amri ilitoka juu. Wakati huo huo Ndia Kuu ina milango ya kuchongwa ambayo kila mmoja una fundi wake na ukoo wake, ina roshani za mbao zilizokuwa zikiwawezesha wanawake kutazama njia bila kuonekana, na hatua chache tu kutoka hapo ipo Fort Jesus, ngome ya Wareno iliyojengwa 1593 hadi 1596 na kuingizwa kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2011. Mwenye nyumba wa Mji wa Kale anaweza kukaa kibarazani akakusimulia mlango wake mpaka kahawa ikaisha. Hicho ndicho kilichopaswa kutangulia. Rangi ingefuata baadaye, nyumba kwa nyumba, kwa makubaliano.

Tulichokiacha

Nimeusifu upande wa Bamburi kwa sababu unastahili. Sasa nije kwenye upungufu, ambao kwa sehemu kubwa ni wetu sote wa pwani.

Katika masimulizi mengi yaliyokwenda nje, watu wa Malindi ni umati. Wako ufuoni, wanavuta nyavu, wanashangilia, basi. Aliyemrukia kiboko alipewa heshima yake na anaistahili. Lakini jarife lilikuwa la nani? Nani aliyesema nyavu za kawaida hazifai? Nani alijua mwamba ule vizuri hata akaweza kumsogeza mnyama kuelekea mahali ambapo maji ni haba? Huo ni ujuzi wa mvuvi, na ndio uliomwokoa Owen. Kisa kingekuwa na nguvu zaidi kama kingekuwa na wavuvi wenye majina. Na Malindi nayo ingekuwa na mahali pa kumwonyesha mgeni: hapa ndipo alipotolewa, huyu ndiye aliyeshika kamba.

La pili ni lugha. Kisa kilichotokea kati ya Sabaki na Bamburi, ambacho waliokitenda walizungumza Kiswahili, Kigiriama na Kibajuni, kilifahamika duniani kwa Kiingereza. Mtoto wa Kongowea anastahili kukisikia kwa lugha yake, na mwongoza watalii wa Mombasa anastahili kuwa nacho kinywani tayari, kwa Kiswahili kizuri, ili akitafsiri aanze kutoka kwenye kitu chake mwenyewe. Msimulizi aliyekariri maneno ya kitabu cha mgeni anasikika hivyo hivyo, amekariri.

La tatu linahusu umiliki. Kisa hiki kilikaa ndani ya kampuni. Kampuni zinabadilisha mikono. Mwishoni mwa 2024 Bamburi Cement yenyewe ilinunuliwa na Amsons ya Tanzania. Sina neno baya juu ya mnunuzi. Ninachosema ni kwamba kumbukumbu za jambo lililoupatia mji mzima jina zisikae sehemu moja tu. Picha, daftari za watunza wanyama na sauti za waliokuwapo zingefaa ziwe na nakala mahali pa umma, makumbusho ya Fort Jesus kwa mfano, ambako mwanafunzi yeyote anaweza kuzifikia.

Kwa kikundi kidogo

Mtu wa kikundi cha mikoko cha Tudor au cha wavuvi wa Likoni atasema: sisi hatuna kiboko. Kweli. Ila pwani hii imeshaonyesha kwamba kiboko si sharti. Gazi, kule Kwale, wanakijiji walianza kuuza hewa ya ukaa inayohifadhiwa na mikoko yao kupitia mradi wa Mikoko Pamoja, ulioanza rasmi mwaka 2013, na mapato yakaenda kwenye maji na shule za kijiji. Wanawake wa pale wana njia ya mbao inayopita juu ya matope katikati ya mikoko, na mgeni anatembezwa na mtu aliyeupanda mti anaouonyesha. Lamu walichonga mashua ya tanga kwa plastiki iliyookotwa, wakaifunika kwa vipande vya ndara kuukuu zipatazo 30,000, wakaiita Flipflopi. Ilishushwa majini mwaka 2018 na mwaka 2019 ikasafiri hadi Zanzibar, safari ya kilomita 500, ikitia nanga njiani na kuwakusanya watu ufuoni. Hakuna aliyehitaji kusomewa hotuba kuhusu taka baharini. Mashua yenyewe ilikuwa imesimama mbele yao, na mafundi walioijenga walitumia ufundi ule ule wa majahazi ya mbao.

Ningekuwa na kikundi cha namna hiyo leo, kabla ya kuchapisha fulana ningemteua mtu mmoja awe na daftari. Kila siku aandike mistari miwili mitatu: tumepanda wapi, mche upi umekufa, kaa gani amerudi kwenye matope yaliyokuwa matupu, nani amekuja kutuuliza nini. Bila daftari, siku jambo kubwa likitokea hakuna atakayekumbuka lilianzaje. Ningempa mtu huyo pia ruhusa ya kusema yasiyopendeza. Kikundi kinachotangaza miche 5,000 iliyopandwa na kunyamazia iliyokufa kinajulikana, maana mgeni akifika anahesabu kwa macho yake.

Picha nazo zina mambo yake. Anayepiga picha akubaliane na kikundi mapema, kwa maandishi, zitatumika wapi na nani atatajwa. Mgeni mwenye nia njema hakatai sharti hilo. Akija mtu anayetaka kuandika kitabu au kutengeneza filamu, kikundi kiombe kile alichokipata Paula Kahumbu: nafasi ya kuwa mwandishi mwenza, si chanzo cha habari tu. Wakati wa kuomba ni mwanzoni, kabla kisa hakijapata bei.

Na mlango uwe tayari. Awepo mtu wa kupokea simu, choo kiwe safi, njia isiwe ya kubahatisha maji yakijaa, na mwenye kusimulia awe mtu aliyefanya kazi yenyewe. Nimeshuhudia wageni wakipelekwa mahali pazuri sana na kijana aliyepewa karatasi ya kusoma, huku mzee aliyeanzisha jambo lile ameketi pembeni kwenye kigogo hakuna aliyemsemesha.

Nikirudi kwa Owen na Mzee, lipo jambo ambalo bado linawezekana. Vijana walioshika jarife siku ile Malindi leo ni watu wazima, baadhi wana watoto wenye umri waliokuwa nao wao wakati ule. Waliokuwa watu wazima sasa ni wazee. Chama cha wavuvi, shule moja ya sekondari na redio moja ya pwani vinaweza kuifanya kazi hiyo katika likizo moja: kinasa sauti, ruhusa ya kila mzungumzaji, na maswali ya wazi kuhusu mwamba, maji, nyavu na saa zile. Kianzio kiwe ufuo wa Sabaki, kwa Kiswahili, na kila aliyevuta kamba atajwe kwa jina lake akiridhia.